Kunyonga baiskeli usiku na grupu hapa Mwanza, kwa wewe unayeanza

Kila mwezi lazima aje mtu mpya kwenye grupu letu la Jumanne na Alhamisi na maswali ni yale yale, taa gani ninunue, mnakimbia sana, nikipata pancha mnaniacha, kwaiyo nimeamua nikae niandike yote sehemu moja, nikiulizwa tena namtumia mtu hii halafu mimi naendelea na chai yangu.

Kwanini usiku? Kwa sababu watu wana kazi. Mwenye duka, anayeshinda Mwaloni kwenye dagaa, wa ofisini, wote wanachomoka kwenye saa kumi na moja na kitu, ukifika nyumbani ukavuta baiskeli jua ndo linaaga. Hapa kwetu linazama kwenye saa moja kasoro dakika kumi, linapishana kidogo tu mwaka mzima, na kwa vile tuko jirani na ikweta giza halibembelezi, ikifika saa moja na robo ni usiku kamili. Kuna mwenzetu aliwahi kusoma Uingereza akawa anaendesha na klabu ya huko, anasema London mwezi wa Desemba jua linazama kabla hata ya saa kumi jioni, yani mtu anatoka kazini anakuta giza na baridi linang'ata, barabara nyingine imeganda barafu, na bado wanavaa glovu wanawasha taa wanaenda. Mambo mengi ya kupanga msafara tumetoa kwake. Ila wale wana msimu, ikifika Juni jua linazama saa tatu na kitu usiku taa zinarudi kabatini, sisi giza letu halina likizo, kwaiyo ile ya "nasubiri msimu upite nitaanza" hapa haipo.

Hatua ya 1: nenda ukawaone kwanza

Usiku wa kwanza usije na baiskeli. Najua unaona ni ushamba lakini nisikilize. Njoo pale tunapokutana, saa kumi na mbili na nusu, simama pembeni na soda yako uangalie. Angalia kama kuna mtu anakagua taa za wenzake kabla ya kutoka. Angalia kama kuna mtu maalumu wa mbele na mtu maalumu wa nyuma, au kila mtu ni kamanda. Halafu uliza maswali matatu tu: leo mnaenda wapi, mwendo gani, na anayechoka anarudi na nani. Grupu likikujibu "wewe njoo tu utazoea", shukuru, nenda zako utafute lingine. Mimi nilianzia kwenye grupu la namna hiyo, la vijana wa mashindano, wazuri sana miguu, ila nilibaki peke yangu mbele ya Mkolani saa mbili usiku nikisukuma baiskeli kama mtu anapeleka mkaa sokoni. Hawakuwa na roho mbaya, hawakugundua tu kama sipo.

Grupu nyingi huwa na siku ya mwendo wa taratibu na siku ya kukimbia. Ya taratibu ni kama kilomita 15 mpaka 18 kwa saa, mtu anaongea na mwenzake bila kuhema. Anzia hiyo hata kama mchana unajiona una miguu, kwa sababu usiku kilomita 20 kwa saa zinaonekana kama 30, shimo unaliona likiwa limeshafika.

Hatua ya 2: baiskeli yenyewe

Yoyote. Sisi Kanda ya Ziwa tumekulia juu ya Phoenix, wengine tulijifunza tukiwa tumepitisha mguu katikati ya fremu kwa sababu siti ilikuwa juu ya kichwa, kwaiyo hakuna wa kumcheka mwenzake. Kuna mzee kwenye grupu letu yuko na Phoenix yenye karia, wale wenye baiskeli za gia za mtumba kutoka Japani anawaacha kwenye mlima wa Bugando, na akifika juu anawasubiri anapangusa jasho taratibu kama hakuna kilichotokea.

Ila baiskeli yoyote maana yake sio baiskeli bovu. Mchana, kabla ya siku yenyewe, ipeleke kwa fundi. Nakumbuka yangu nilivyoipeleka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hii breki ya nyuma ni ya urembo?"

Nikamwambia natumia ya mbele inatosha. Hakunijibu, akashika breki ya mbele peke yake akaisukuma baiskeli kwa nguvu, gurudumu la nyuma likanyanyuka. Basi nikaelewa, nikalipia breki zote mbili.

Mwambie akuangalizie breki, spoku zilizolegea, beringi za magurudumu zisicheze, usukani ukazwe, na cheni isiwe imelegea inayoruka ruka. Tairi likiwa limeanza kuonyesha nyuzi badilisha, usibishane. Na tafadhali cheni usipake oili chafu ya gari, hiyo tabia tuiache, inashika mchanga na vumbi halafu inageuka kuwa msasa unaokula meno. Nunua mafuta mepesi ya mashine ya kushonea ukikosa ya cheni, tone moja kila pingili, halafu futa yaliyozidi kwa kitambaa.

Kitu chochote kinachogonga gonga kifunge. Usiku masikio yanafanya nusu ya kazi ya macho, mdigadi ukipiga kelele njia nzima husikii gari nyuma.

Hatua ya 3: taa (hapa usiruke)

Watu wakija kwangu na hela kidogo wananiuliza wanunue nini kwanza, helmeti, jezi, au ile suruali yenye sponji. Mimi nasema taa ya nyuma. Nyekundu, nzuri, halafu ya pili nyekundu ya akiba. Baadaye ndo hayo mengine, na helmeti ifuate haraka. Mbele unaweza ukaazimwa mwanga wa mwenzako aliyeko ubavuni, nyuma hakuna wa kukuazima, lile lori linalotoka Shinyanga linakuona au halikuoni.

Taa ya nyuma ifungwe kwenye posti ya siti, iangalie nyuma sawasawa, isielekee chini kwenye tairi na isifunikwe na shati wala begi. Nimeona mtu ana taa ya hela nyingi imefunikwa na koti la mvua, anajiamini kabisa. Ya pili iweke kwenye helmeti au mgongoni, kwa hiyo moja ikizima betri unabaki na nyingine. Kwenye msafara usiweke ya kupepesa, weka ya kuwaka moja kwa moja, kwa sababu anayekufuata macho yanamuuma anashindwa kukadiria uko umbali gani. Anayepepesa ni mtu wa mwisho peke yake, yule tunamwita mkia.

Mbele kuna taa ya kuonekana na taa ya kuona, ni vitu viwili tofauti. Mjini kwenye nguzo za taa, lumeni 100 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga) zinatosha watu wakuone. Ukitoka kwenye nguzo, kule taa za barabarani zinapoishia, unahitaji kama 400 mpaka 600 ili uone shimo mapema. Zaidi ya hapo unawaunguza wenzako macho tu. Na usiamini kila kilichoandikwa kwenye boksi. Taa imeandikwa lumeni 10,000 halafu inauzwa elfu nane, jiulize. Betri nazo hivyo hivyo, zile za duara za 18650 ukikuta imeandikwa 9900 mAh, yani kipimo cha chaji inayobeba, jua ni uongo mtupu, nzuri kabisa ya ukubwa ule inaishia kwenye 3500 hivi. Mimi nilinunua ya 9900 duka moja mjini, ikawaka dakika arobaini, ikazimika bila hata kuaga, nikarudi nimejibanza nyuma ya mwenzangu kama ndama.

Kupima kama umeielekeza vizuri: simama hatua sita saba kutoka ukutani gizani, washa. Kile kiini cha mwanga kipige ukutani chini ya usawa wa taa yenyewe. Kikipiga juu, unamulika sura ya dereva anayekuja, na dereva aliyepofuka ndo huyo huyo unayetaka akukwepe.

Wenye dinamo ya zamani msiitupe. Haiishi chaji, haihitaji kukumbuka. Shida yake ni moja, ukisimama nayo inasimama, na pale unapokuwa umesimama katikati ukisubiri kukata kulia ndo unahitaji mwanga kuliko wakati wowote. Ongeza kataa kadogo ka betri kwa ajili ya hapo.

Halafu rifleta. Ile ya kuvaa ya bodaboda inafaa kabisa, hamna haja ya kuona aibu. Ila siri iko miguuni: bandika utepe unaong'aa kwenye pedeli na kwenye vifundo vya miguu, ule unapanda unashuka, na dereva akiona kitu kinapanda kinashuka anajua huyu ni mtu ananyonga, wakati kitu kinachong'aa kimetulia anaweza akadhani ni kibao cha barabarani.

Hatua ya 4: macho na mdomo

Sasa hili la kwetu, sidhani kama wa London wanalijua. Vijidudu vya ziwani. Wale wanaopanda ziwani kama moshi, mchana unawaona kwa mbali unadhani mtu anachoma mkaa kule visiwani, usiku wanafuata mwanga, na mwanga uliopo ni wako. Unanyonga vizuri, unaongea, ghafla mdomo umejaa. Machoni ndo mbaya zaidi, unafumba jicho moja, la pili nalo linatoa machozi, na mbele yako kuna watu sita.

Vaa miwani ya kioo cheupe. Sio ya jua, nimeona mtu kavaa ya jua saa moja na nusu nikamuuliza kaka unaenda ufukweni? Miwani ya fundi wa kuchomelea ile nyeupe ya kukata vyuma inatosha, haina gharama. Na shingoni weka kitambaa cha kuvuta puani.

Kujua kama leo watakuwepo kuna njia rahisi. Wanatoka kwa wingi siku za giza la mwezi, karibu na mwezi kuandama. Na siku hizo hizo ndo wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani na taa zao, kwa sababu dagaa anafuata taa kukiwa na giza, mbalamwezi ikiwa nyeupe wengi wanapumzika. Kwaiyo ukiwa unapita kandokando ya ziwa ukaona kule majini kumewaka kama mji mwingine, funga mdomo vaa miwani. Ukiona ziwa liko giza na mwezi umejaa juu ya Jiwe la Bismarck, siku hiyo ni ya raha, unaona barabara hata bila taa (ila usizime).

Hatua ya 5: tumbo na mfukoni

Kula saa kumi, kumi na moja mwisho. Chapati mbili na chai, au ndizi, kitu cha kawaida. Usile ugali na sangara saa kumi na mbili halafu ukaja, tumewahi kuwa na mgeni alifanya hivyo, mlima wa kwanza tu tukamsubiri pembeni ya mtaro. Maji chupa moja kwa saa nzima inatosha kwa hali ya hewa ya jioni.

Mfukoni: tyubu moja ya saizi yako, vijiko viwili vya kutolea tairi, pampu ndogo, spana ya nati za magurudumu kama baiskeli yako inatumia nati, taa ndogo ya kichwani, simu imechajiwa, na elfu tano ya noti sio ya kwenye simu, kwa sababu bodaboda atakayekurudisha saa tatu usiku labda hana salio wala mtandao. Simu ikae ndani, sio kwenye kishikio juu ya usukani inang'aa, vibaka wana macho mazuri kuliko sisi. Andika na karatasi yenye jina lako na namba ya mtu wa nyumbani uweke kwenye mfuko wa shati. Sio uchuro, ni karatasi.

Hatua ya 6: njia ipi kwanza

Capri Point. Usibishane, anzia Capri Point. Ni rasi, magari machache, vilima vya kupanda na kushuka, unazunguka mizunguko minne mitano hauko mbali na mjini na ukichoka unaachia hapo hapo. Pale utajifunza kunyonga karibu na mwenzako gizani bila lori kukufundisha.

Ukishazoea, wiki ya tatu ya nne hivi, barabara ya uwanja wa ndege, unatoka mjini unapita Furahisha, Kirumba, Pasiansi mpaka uwanjani, kwenda na kurudi ni kama kilomita 20. Pale Kirumba kuwa makini na watu, jioni Kirumba haina barabara, ina soko ambalo magari yanapita katikati.

Halafu ndo Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, na wenye pumzi wanamalizia Buhongwa. Hii ni barabara kuu ya kwenda Shinyanga, malori na mabasi yako humo, mimi siipendi kabla ya saa mbili kwa sababu haisi bado zinagombania abiria, baada ya hapo inatulia. Upande wa Igoma kuelekea Kisesa sisi usiku hatuendi kabisa, wapo wanaoenda, Mungu awalinde. Na kila mgeni anauliza daraja la Kigongo–Busisi, tangu lifunguliwe Juni 2025 kila mtu anataka picha na zile kilomita 3 juu ya maji. Tunaenda, ila Jumapili asubuhi, kule wazi upepo unakusukuma ubavuni na usiku sioni cha kufuata.

Kimoja tu cha kukataza: njia za mkato za ufukweni. Mchana ni nzuri, usiku kiboko anatoka majini kuja kula majani, na kiboko hajali kama una taa ya lumeni 600.

Hatua ya 7: ndani ya msafara

Hapa ndo penyewe. Tunapanga wawili wawili barabara ikiwa tulivu, na mmoja mmoja mtu wa mbele akipiga kelele "mstari!". Kushoto siku zote. Kati ya tairi lako la mbele na la nyuma la mwenzako acha urefu wa baiskeli nzima, usiku hatufanyi mambo ya kushikana mkia kama wa kwenye mashindano. Usiangalie taa nyekundu ya aliye mbele yako, inakulaza, angalia juu ya bega lake kule anakokwenda.

Kinachotuvusha ni mdomo. Mchana unaonyesha shimo kwa kidole, usiku kidole hakionekani, kwaiyo kila kitu kinasemwa kwa sauti na kila anayesikia anarudia kwa aliye nyuma yake mpaka kwa mkia. Maneno ni machache na mafupi makusudi: "Shimo kushoto!" "Tuta!" "Rasta!" yale matuta madogo madogo yanayokutetemesha meno, ukiyaingia unanyonga umeshika usukani kwa mkono mmoja unaanguka. "Mtu!" "Ng'ombe!" "Boda mbele!" huyo ni yule anayekuja upande wako hana taa, na anakuja kweli, kila siku. "Gari nyuma!" hii inaanzia kwa mkia inapanda kwenda mbele. "Nasimama!" unasema KABLA ya kushika breki, sio baada.

Usione aibu kupiga kelele. Dada mmoja alikuja kwetu mpole, anasema "shimo" kwa sauti ya kuomba chumvi kwa jirani, mwenzake wa nyuma akaingia shimoni mzima mzima, rimu ikapinda. Sasa hivi yeye ndo mkia wetu, akisema "GARI NYUMA" hata gari lenyewe linapunguza mwendo.

Haisi zina lugha yake, zisome. Ukiona konda katoa kichwa dirishani anaangalia pembeni, au umesikia kagonga bati, hiyo haisi inakata kushoto sasa hivi na haitawasha indiketa. Usiipite kushoto kamwe, hata kama nafasi unaiona, ile nafasi ndo abiria anashukia. Subiri nyuma yake, vuta pumzi, mtukane moyoni, itaondoka. Mikokoteni na guta zilizobeba nondo ni za kuogopa zaidi, hazina taa, na nondo inatokeza nyuma mita nzima kwenye usawa wa uso wako. Mkiiona pigeni kelele "nondo!" na mpite mbali kulia mkishaangalia nyuma.

Ukichoka sema. Usijikaze mpaka ukaachwa. Kwetu sheria ni kwamba mkia hampiti mtu, yani wewe ukiwa wa mwisho yeye yuko nyuma yako, na akipiga filimbi mara mbili wa mbele anapunguza. Ukiamua kurudi kati, mwambie mkia kwa mdomo na umtaje unayerudi naye, sio unapotea kimya kimya tunakutafuta kwenye mitaro mpaka saa nne wakati wewe uko nyumbani unakula. Limetokea, aliyefanya anajijua.

Hatua ya 8: pancha gizani

Piga kelele "pancha!", usibane breki ghafla, sogea mpaka nje kabisa ya lami. Msafara mzima unatoka nje ya lami, hakuna kusimama kwenye ukingo mkipiga stori. Mmoja anarudi hatua thelathini nyuma na taa nyekundu mkononi ya kuonya magari. Mmoja anamulika. Mmoja anatengeneza. Waliobaki wanakula karanga, sio wote kumi kutoa ushauri.

Usizibe kiraka gizani, badilisha tyubu, kiraka utaziba kesho nyumbani. Ila kabla hujaweka mpya pitisha kitambaa ndani ya tairi taratibu, mzunguko mzima, kitanasa penye mwiba au kipande cha waya. Usipitishe kidole kitupu. Watu wengi wanaruka hii kwa haraka, wanaweka tyubu mpya, mwiba ule ule unawangoja, mita mia mbili pancha tena na hawana tyubu ya pili. Jaza upepo kidogo kwanza, zungusha uangalie tairi limekaa sawa kwenye rimu pande zote, ndo umalizie.

Mvua

Vuli ya Oktoba mpaka Desemba na masika ya Machi mpaka Mei, angalia mbingu kabla ya kutoka. Ziwa letu linapika radi usiku, ukiona kule majini kunamulika mulika mfululizo, hata kama juu yako kuna nyota, pigeni simu muahirishe. Ikiwakutia njiani, breki zinashika kwa kuchelewa kwaiyo anza mapema, mistari myeupe ya rangi na vifuniko vya chuma vinateleza, vuka ukiwa wima bila kukata kona. Na dimbwi usilivuke kwa kudhani. Pale Mabatini Mto Mirongo ukijaa maji yanatanda barabarani huoni mtaro uko wapi na lami iko wapi. Shuka, sukuma, au zunguka. Radi ikiwa karibu ingieni kwenye jengo, mti sio jengo.

Kurudi kwako

Msafara unavunjika pale pale ulipoanzia, halafu kila mtu anaenda kwake, na mimi naona vile vidakika kumi vya mwisho ndo vibaya kuliko safari yote, uko peke yako, umechoka, akili iko kwenye sahani. Tunawapanga watu kwa mitaa, wa Nyakato wanarudi pamoja, wa Isamilo pamoja, na kinamama na wageni hawarudi peke yao, kuna mtu anapita njia hiyo au anajifanya anapita. Usizime taa kwa sababu umefika mtaani kwenu, mbwa na watoto hawajui kama safari imeisha.

Ukifika tuma "nimefika" kwenye grupu la wasap, neno moja linatosha, mkia anahesabu majina na akikosa moja anaanza kupiga simu. Halafu taa uziweke chaji kabla hujavua viatu. Ukishaoga ukala hutakumbuka, na Alhamisi utakuja na taa imekufa tutakurudisha nyumbani.